Kumpeleka mama opera ya Vienna: chagua kwanza itakayoimbwa, kiti baadaye

Swali: Ninaishi Munich na mume wangu. Mwezi wa Mei mama yangu, mwenye miaka 68, atakuja kututembelea kutoka Lushoto. Ameimba kwaya ya kanisa tangu usichana wake, sauti ya pili, na siku zote amekuwa akisema anatamani kuiona opera ya kweli, igizo linaloimbwa, walau mara moja. Tumewaza ile ya Vienna. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia opera. Nianzie wapi? Bei za tiketi zinapishana mno, goti linamsumbua, Kijerumani hajui, na sijui hata avae nini. Na je, akichoka katikati?

Jibu: Dada yangu, mfikishie mama shikamoo yangu. Nitajibu yote uliyouliza, lakini naomba niyapange upya, kwa sababu ulichokiweka mbele, yaani tiketi na bei, kinapaswa kuja nyuma ya jambo moja ambalo hukulitaja: usiku huo kutaimbwa nini?

Staatsoper ya Vienna, yaani nyumba ya opera ya taifa, haiendeshwi kama kumbi ambazo igizo moja hukaa jukwaani mwezi mzima. Msimu huanza Septemba na kuisha mwishoni mwa Juni, na katika miezi hiyo kumi nyumba hufungua pazia karibu kila usiku. Kazi zinazochezwa kwa msimu mmoja, opera na baleti, hupita hamsini. Leo opera ya Mozart, kesho ya Puccini, keshokutwa baleti. Mafundi wa jukwaa hubomoa mandhari ya jana, hujenga ya mazoezi ya asubuhi, kisha hubomoa tena na kujenga ya jioni. Kwa hiyo ndani ya wiki ileile ya Mei kunaweza kuwa na usiku ambao mama ataueleza Lushoto nzima, na usiku mwingine ambao utamfanya asitamani tena kusikia habari za opera. Jengo ni lilelile, pengine hata kiti ni kilekile. Kinachotofautisha ni kazi yenyewe.

Basi fungua ratiba ya nyumba, wiener-staatsoper.at, uitazame Mei yote kabla ya kukata hata tiketi ya treni. Ratiba ya msimu hutangazwa mapema, miezi mingi kabla. Andika kila opera iliyopo, halafu linganisha na haya nitakayokuambia.

Ukiikuta Nabucco ya Verdi, usitafute zaidi. Ilionyeshwa mara ya kwanza Milan, kwenye Teatro alla Scala, tarehe 9 Machi 1842, Verdi akiwa na miaka 28. Nabucco ni Nebukadneza. Pazia linafunguka Waebrania wakiwa hekaluni Yerusalemu, mfalme wa Babeli anakaribia na jeshi lake, wanachukuliwa mateka, mfalme anajitangaza kuwa mungu, anapigwa wazimu, na akili zake zinarudi anapomwomba Mungu wa Waebrania. Mtu aliyesoma kitabu cha Danieli hatahangaika kufuata. Kuna hadithi ya mapenzi na binti mkali anayetaka kiti cha enzi, lakini uzito wa opera hii uko kwa kwaya. Ndiyo maana naitaja ya kwanza. Katika opera nyingi kwaya huingia, hujaza jukwaa na kutoka. Hapa kwaya ndiyo taifa lenyewe, na ndiyo inayoumia.

Katika sehemu ya tatu mateka wanaimba kando ya Frati, wimbo unaoanza kwa maneno «Va, pensiero». Mtunzi wa maneno, Temistocle Solera, aliyajenga juu ya Zaburi ya 137, ile ya «Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni». Mwambie mama asikilize jinsi Verdi alivyoupanga. Kwa muda mrefu wanakwaya wote, wake kwa waume, wanaimba sauti moja, polepole, kwa chini, bila pambo lolote. Halafu wanapofika kwenye kinubi, «Arpa d'or», sauti zinagawanyika ghafla na nguvu inapanda. Mtu aliyeketi kwenye mstari wa sauti ya pili maisha yake yote ataisikia sauti yake inapozaliwa pale. Hilo halihitaji Kiitaliano.

Fidelio ya Beethoven nayo ni chaguo zuri, na ina deni maalumu na nyumba hii, nitalieleza mbele kidogo. Mke anajivika nguo za kiume, anaajiriwa gerezani, na kumwokoa mumewe aliyefungwa kwa sababu za kisiasa. Wafungwa wanapotolewa nje kuvuta hewa kidogo wanaimba kwa kunong'ona, kwa kuogopa kusikiwa, sauti za wanaume peke yake. Sijui kwaya ya wanaume iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo.

Die Zauberflöte ya Mozart, iliyoonyeshwa kwanza hapohapo Vienna tarehe 30 Septemba 1791, wengi huipendekeza kwa mgeni wa kwanza, na nina sababu ya ziada ya kuipendekeza kwa mama yako. Karibu na mwisho, kabla kijana Tamino hajapita kwenye moto na maji, wanasimama walinzi wawili wenye silaha na kuimba maneno ya onyo. Tuni wanayoimba Mozart hakuitunga. Ni tuni ya wimbo wa Martin Luther wa 1524, «Ach Gott, vom Himmel sieh darein». Wanaiimba kwa pamoja, mmoja juu na mmoja chini, bila kuibadilisha, huku vyombo vya nyuzi vya okestra vikisokota mstari juu ya mstari chini yao. Mkatoliki wa Vienna, ndani ya opera ya kufurahisha watu, anasimamisha wimbo wa kanisa la Kilutheri mahali pa hatari kuliko pote. Kama kwaya ya mama ni ya KKKT, mchezee tuni hiyo nyumbani siku moja kabla, kisha umwache aitambue mwenyewe ukumbini.

Lakini Zauberflöte ina jambo ambalo lazima umwambie mapema. Kuna mhusika anaitwa Monostatos, mlinzi mweusi, na maneno ya asili anayoimba yanasema mtu mweusi ni mbaya wa sura. Waongozaji wengi siku hizi hubadilisha maneno hayo, na wengi wameacha kumpaka mwimbaji rangi, ila kila maonyesho yana njia yake. Sitaki mama akutane nalo bila kuandaliwa, akiwa amevaa nguo zake nzuri katikati ya watu wasiomjua. Soma habari za maonyesho ya msimu huo, kisha amueni pamoja naye. Yeye ni mtu mzima na ana haki ya kuamua.

Kama hizo tatu hazipo Mei, tafuta Tosca au La bohème za Puccini. Staatsoper bado inacheza Tosca kwa mandhari na mpangilio wa Margarethe Wallmann wa mwaka 1958, na La bohème kwa ule wa Franco Zeffirelli wa 1963. Nazipenda kwa wageni kwa sababu unachokiona ndicho hadithi inachosema. Kanisa ni kanisa, theluji ni theluji. Sehemu ya kwanza ya Tosca inaishia kwa Te Deum, wimbo wa kanisa wa kumsifu Mungu, kengele na kwaya na okestra vyote pamoja, na polisi mwovu anapanga uovu wake katikati ya ibada. Katika maonyesho mapya usitegemee hivyo. Unaweza kukuta Waebrania wa Nabucco wamevaa suti na makoti ya karne ya ishirini. Mwambie mama asishangae, afuate muziki.

Usimpeleke kwa mara ya kwanza kwenye Parsifal au Götterdämmerung za Wagner. Ni kazi kubwa mno, lakini kwa mapumziko zinapita saa tano, na goti lake halitamsamehe mtu. Ukiona opera inaanza saa kumi na moja jioni, ujue huenda ni kazi ndefu kama hizo. Elektra na Salome za Strauss ni fupi, chini ya saa mbili, ila hazina mapumziko hata kidogo na zimejaa damu.

Lugha isikutishe. Mbele ya kila kiti kuna kioo kidogo kinachoonyesha maneno yanayoimbwa, unachagua lugha. Kiswahili hakimo. Wewe utafuata kwa Kijerumani, lakini usijaribu kumtafsiria mama sikioni, kwa kuwa ukumbi unasikika kuliko unavyodhani na jirani atakasirika kwa haki. Msimulie hadithi nzima jioni mbili kabla, pamoja na mwisho. Nyie mkiwa jikoni, mchezee nyimbo tatu au nne azizoee. Hapa hakuna kinachoharibika kwa kujua mwisho. Watu wa Vienna wenyewe huja kuiona Tosca kwa mara ya ishirini. Na umweleze jambo moja ambalo mwimbaji wa kwaya atalithamini kuliko mtu mwingine: waimbaji hawatumii maikrofoni. Sauti ya mtu mmoja inapita juu ya okestra nzima na kufika mpaka mstari wa mwisho wa ghorofa ya juu. Okestra yenyewe ndiyo wanamotoka wanamuziki wa Wiener Philharmoniker, okestra mashuhuri ya Vienna. Hakuna anayeingia Philharmoniker bila kwanza kupiga kwenye shimo la wanamuziki, mbele ya jukwaa la opera hii, kwa miaka isiyopungua mitatu.

Sasa kiti. Ukumbi umejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi. Chini kabisa ni Parkett. Kuzunguka kuna ngazi tatu za vyumba vidogo viitwavyo Loge, juu yake Balkon, na juu kabisa Galerie. Viti vinapita 1,700, na kuna mamia ya nafasi za kusimama. Bei huanzia euro chache na kupita 200, na usiku wenye waimbaji wakubwa hupanda zaidi.

Mtego mkubwa ni Loge. Jina lake linavutia, na mtu akiona amepata Loge kwa bei ya chini hufurahi. Ndani ya chumba hicho mstari wa mbele unaona vizuri, na wa nyuma unaona migongo ya walio mbele, kipande cha jukwaa, na dari. Ukitaka Loge, nunua mstari wa kwanza tu, na iwe kuelekea katikati ya ukumbi, si ile iliyo pembeni kabisa karibu na jukwaa. Galerie ya katikati ndiyo siri ya wapenzi wa muziki kwa sababu sauti huko juu ni nzuri sana na bei ni nafuu, ila ngazi zake zina mwinuko mkali na nafasi ya miguu ni ndogo. Kwa mtu mwenye goti bovu simshauri.

Kwa mama, nunua Parkett, na kiti cha mwisho wa mstari upande wa goti linalouma, aweze kulinyoosha kidogo. Jengo lina lifti. Mfike mapema mumwombe mhudumu awaonyeshe, msisubiri umati uanze kupanda. Kama fedha haitoshi kwa viti viwili au vitatu vya Parkett, nashauri mama apate kiti kizuri na wewe na mume wako mchukue Stehplatz, nafasi za kusimama. Sisemi kwa kukushusha. Stehplatz ya chini iko nyuma ya Parkett, katikati, inatazama jukwaa uso kwa uso, mahali pazuri kuliko viti vingi vya bei kubwa, na vizazi vya wanafunzi wa muziki wa Vienna vimesomea pale. Kuna desturi yake: ukishapata nafasi unafunga skafu kwenye reli, na nafasi hiyo inakuwa yako hata ukitoka kwenda chooni. Hakuna atakayeifungua. Chukua skafu nyembamba. Tofauti na viti, nafasi hizi huuzwa siku yenyewe ya onyesho, kwa hiyo soma maelekezo yake kwenye tovuti mapema.

Nunua kwenye nyumba yenyewe, kwa tovuti niliyoitaja au kwenye dirisha lao la tiketi. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na kurasa zilizopambwa kama za opera yenyewe, zinazouza tiketi zilezile kwa bei iliyoongezwa. Na mkifika Vienna mtaona vijana wamevaa mawigi meupe na makoti marefu ya zama za Mozart, wamejaa mbele ya opera na kuzunguka kanisa la Stephansdom. Watamwita mama kwa upole na kumwonyesha kitabu chenye picha za ukumbi. Wanachouza kwa kawaida ni tamasha za watalii, nyimbo maarufu chache zilizokatwakatwa, mara nyingi katika ukumbi mwingine kabisa. Si opera ya usiku huo. Watu wametoka nchi za mbali, wakalipa, na wakaondoka Vienna wakiamini wameingia Staatsoper. Inaniuma kila ninapoiona. Mpite huku mkitabasamu.

Kuhusu jengo, naomba umwambie mama ukweli wake kabla hajaketi, maana wengi hutegemea dhahabu kila mahali wakasikitika. Mwaka 1857 mfalme Franz Joseph aliamuru kuta za zamani za mji zibomolewe, na mahali pake pakapita barabara pana ya Ringstraße. Opera ilikuwa jengo kubwa la kwanza la umma kukamilika juu yake. Wasanifu walikuwa wawili, marafiki: August Sicard von Sicardsburg na Eduard van der Nüll. Ujenzi ukiendelea, barabara iliinuliwa kwa kiasi cha mita moja, na jengo likaonekana kama limezama. Wananchi na magazeti wakaliita sanduku lililozama. Mwezi Aprili 1868 van der Nüll alijiua. Wiki kumi baadaye Sicardsburg alifariki kwa maradhi. Hakuna kati yao aliyeuona usiku wa ufunguzi, tarehe 25 Mei 1869, ilipochezwa Don Giovanni ya Mozart. Inasemekana mfalme alishtushwa sana na kifo cha van der Nüll, na tangu hapo kila alipoombwa maoni juu ya sanaa alijibu kwamba ilikuwa nzuri na imemfurahisha. Mkipita mbele yake, simameni upande wa pili wa barabara mlitazame taratibu. Mimi silioni limezama.

Tarehe 12 Machi 1945 mabomu ya ndege za Marekani yalilipiga, na ukumbi na jukwaa viliteketea kwa moto. Kilichosalia ni sehemu ya mbele: ngazi kuu, baraza ya juu yenye matao, chumba cha chai cha mfalme, na ukumbi wa mapumziko wenye picha za Moritz von Schwind. Nyuma ya hapo palikuwa magofu. Kwa miaka kumi waimbaji walihamia kumbi nyingine za mji, na tarehe 5 Novemba 1955, mwaka uleule ambao majeshi ya mataifa manne yaliyoikalia nchi tangu vita yaliondoka Austria, nyumba ilifunguliwa upya. Waliimba Fidelio, Karl Böhm akiongoza okestra. Opera ya wafungwa wanaotoka gizani. Hilo ndilo deni nililolitaja.

Kwa hiyo mtakapopanda ngazi kuu mtakuwa ndani ya mwaka 1869, na mtakapoketi mtakuwa ndani ya 1955: kuta nyeupe zenye rangi ya maziwa, nyekundu, dhahabu kidogo, mistari iliyonyooka. Msanifu wa ukumbi mpya, Erich Boltenstern, hakutaka kuigiza fahari ya zamani. Wengine huona pakavu. Mimi napaheshimu, maana macho hayana pa kuhangaika na yote yanaenda jukwaani. Jambo ambalo halikuteketea ni mazoea ya kazi. Nidhamu anayokutana nayo mgeni leo, ya aliyechelewa kuzuiwa mlangoni na taa za ukumbi kupunguzwa, ilikazwa na Gustav Mahler alipokuwa mkurugenzi hapa kati ya 1897 na 1907. Na usisahau, wala usimfiche mama, kwamba mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, wasanii wengi Wayahudi wa nyumba hii walifukuzwa. Baadhi waliuawa.

Kuna matembezi ya kuongozwa mchana, kama dakika arobaini, kwa lugha kadhaa. Yanategemea mazoezi ya siku hiyo, kwa hiyo saa zake hutangazwa kwa mwezi. Nenda nayo asubuhi ya siku ya onyesho, au siku moja kabla ikiwa goti linahitaji kupumzishwa. Mama akishaiona ngazi na chumba cha chai kwa utulivu, jioni hatakuwa na haja ya kuzungukazunguka. Mwombe kiongozi awaonyeshe zile picha za Schwind za Zauberflöte kwenye baraza ya mbele, kama siku hiyo panafikika.

Mavazi ndiyo sehemu rahisi. Mama avae gauni lake zuri la kitenge, lile la sikukuu. Staatsoper haina sare. Wanaume wengi huvaa suti nyeusi, wanawake magauni, na usiku wa kawaida utawaona pia watu wenye shati na sweta safi. Kaptura na ndala hazitakiwi. Kilemba kiwe cha kufunga chini kidogo, kwa ajili ya aliye nyuma yake. Achukue na mtandio wa kujifunika mabega, kwani usiku wa Mei Vienna bado una baridi kwa mtu wa pwani, ingawa mtu wa Lushoto pengine atacheka. Makoti na mifuko mikubwa huachwa Garderobe. Usiingie navyo ukumbini, ni jambo linalotazamwa vibaya sana. Simu izimwe kabisa. Hata mwanga wa kioo chake gizani unaonekana na ghorofa nzima.

Makofi yafuate ya wenyeji. Baada ya wimbo mkubwa watu hupiga, kisha hunyamaza. Okestra inapoendelea, hakuna anayepiga. Mwishoni pazia likishafungwa waimbaji hutoka mmoja mmoja, na hapo Vienna huachia: makofi dakika nyingi, «bravo» kwa mwanamume, «brava» kwa mwanamke. Kwaya nayo hutoka kuinama. Mama akipiga vigelegele wakati huo hatakuwa amemkosea mtu yeyote, na nina hakika wanakwaya watamtafuta kwa macho.

Safari ni nyepesi. Treni za moja kwa moja kutoka München Hauptbahnhof hadi Wien Hauptbahnhof huchukua saa nne hivi, na ukikata mapema bei hushuka sana. Kutoka kituo kikuu panda treni ya chini ya ardhi, U1, vituo viwili, mshuke Karlsplatz, mfuate alama za Oper. Msifanye kosa la kwenda na kurudi siku moja, onyesho huisha usiku na mama anahitaji kitanda. Vizuri zaidi mfike siku moja kabla. Siku yenyewe alale kidogo mchana, mle chakula cha kushiba saa kumi na moja, maana maonyesho mengi huanza saa moja au saa moja na nusu jioni, na kwenye mapumziko chakula ni vipande vidogo vya mkate na vinywaji kwa bei ya juu. Baada ya onyesho, nyuma ya jengo karibu na jumba la makumbusho la Albertina kuna kibanda cha soseji ambapo watu waliotoka opera na nguo zao nzuri husimama wakila. Mpitisheni hapo, ataipenda.

Viza ya Schengen aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani inamruhusu kuingia Austria bila kuomba kitu kingine, mradi siku zake hazijaisha. Lakini abebe pasipoti yenyewe, si nakala. Ujerumani imekuwa ikikagua hati kwenye mpaka wake na Austria tangu 2015, na mtakaporudi polisi wanaweza kupita ndani ya treni. Awe nayo mkobani, na barua ya bima iwe karibu.

Ukikuta Mei tiketi zimekwisha au bei imewashinda, bado kuna njia. Katika miezi ya joto nyumba hurusha baadhi ya maonyesho moja kwa moja kwenye skrini kubwa iliyotundikwa ukutani nje, upande wa Herbert-von-Karajan-Platz, pamoja na viti, bila malipo. Si sawa na kuwa ndani. Bado ni waimbaji haohao, dakika hiyohiyo, nyuma ya ukuta huo.

Nina ombi kwako wewe mwenyewe. Kwa kuwa hujawahi kuingia opera, usiruhusu Vienna na mama kuwa mara yako ya kwanza. Mji unaoishi una Nationaltheater pale Max-Joseph-Platz, nyumba iliyofunguliwa 1818, ambako Tristan und Isolde ya Wagner ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1865. Nayo ilipigwa vitani na ikafunguliwa upya 1963. Ina nafasi za kusimama za bei ndogo. Nenda usiku mmoja kabla mama hajafika, ujue Garderobe inavyofanya kazi, kengele ya mapumziko inalia vipi, foleni ya choo cha wanawake ikoje. Hiyo ya mwisho si jambo dogo kwa mtu wa miaka 68. Pazia likifungwa tu, mwondoke naye mara moja kuelekea chooni, chai baadaye. Na kama siku ikifika goti likakataa safari ya Vienna, hiyo ya Munich si opera ya kufutia machozi hata kidogo.

Na akichoka katikati, subirini mapumziko, muondoke. Hakuna sheria inayomzuia wala aibu yoyote. Wazee wa Vienna wenye tiketi za msimu hufanya hivyo kila wiki. Ndiyo sababu nyingine ya kutazama mapema kazi ina mapumziko mangapi na yanakuja saa ngapi, jambo ambalo huandikwa kwenye ukurasa wa kila onyesho. Kwa Nabucco tu nakuomba umbembeleze kidogo. Wimbo wa mateka uko baada ya mapumziko.